Kiti cha Mkwe

Karatasi ilikuwa moja tu. Koplo Nikodemo aliigeuza nyuma akitafuta nyingine, akakuta weupe mtupu.

"Nyingine ziko wapi?"

"Hakuna nyingine," alisema Lukmani, karani wa boma la Tarime, mtu wa Pangani aliyekuwa akipiga taipu barua za serikali tangu kabla ya vita. "Zilikuwa saba. Sasa ni hiyo. Ndiyo mambo mapya ya Bwana Chapuchapu."

Hilo ndilo jina watu walilompa Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa wilaya, aliyeletwa Januari ile ya 1957. Kabla yake, mtu aliyetaka kuasili mtoto wa misheni, yaani kumchukua awe wake mbele ya sheria, alichunguzwa mwaka mzima. Majirani wanne waliulizwa. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, aliulizwa, padre aliulizwa, na nyumba ilitembelewa mara mbili, mara moja bila taarifa. Bwana Chapuchapu alikuta maombi kumi na moja yamelala kabatini, akaogopa wakubwa wake wa Mwanza watasema amelala nayo. Akachukua kalamu nyekundu. Majirani akawafuta, mwanangwa akamfuta, ziara ya ghafla akaifuta. Zikabaki siku tatu, ziara moja ya kupanga na sahihi tatu: ya mwombaji, ya baba mzazi wa mwombaji kukiri kwamba ukoo unampokea mtoto, na ya mchunguzi.

Wazungu wanajua haraka wakiitaka. Mwaka wa arobaini na mbili walimfungua Nikodemo mdomo pale Musoma, wakahesabu meno yake, na kabla jua halijazama alikuwa askari wa Burma. Aliporudi na risasi pajani, karatasi ya kiinua mgongo chake ilihitaji kuchunguzwa miaka sita. Hakusahau, na wala hakuwa na nia ya kusahau.

"Mbona mimi?" aliuliza. "Siku zote Bwana huenda mwenyewe na Landrova."

"Springi imekatika. Na yule Mama Philomena wa misheni amekaa hapa mlangoni tangu asubuhi. Anataka polisi ndiye aende. Nikamwambia Bwana, basi mpe Koplo, ana baiskeli."

Mama Philomena, mlezi wa watoto wa misheni, aliinuka kwenye benchi. Alikuwa mwanamke mnene, mikono yake imepauka kwa sabuni ya kufulia.

"Koplo, anayeomba ni Rubeni wa Itiryo, na mkewe Agustina. Anamtaka Kezia wangu. Lori la serikali litakuja kumchukua Ijumaa saa sita mchana."

"Wana kasoro gani?"

"Kasoro sijui. Najua kuhesabu. Amekwisha kuchukua watatu tangu mwezi wa pili, na sasa ni mwezi wa saba. Verdiana, halafu Robi, halafu Wankuru. Verdiana aliniahidi atarudi Pasaka kuimba. Hakurudi. Nikaandika barua, haikujibiwa."

"Watoto husahau."

"Verdiana hakuwahi kusahau hata deni la sindano." Alishusha sauti. "Na jambo jingine. Mtu asiyezaa akija kwangu, macho yake huenda kwenye vichanga. Huyu hajawahi kuuliza kichanga. Hajawahi kuuliza mvulana. Wote wanne ni wasichana, na wote wana miaka kumi na moja au kumi na miwili."

Nikodemo aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Ilikuwa Jumatano.

*

Alifika Itiryo kesho yake, jua likiwa limepanda, matairi yamejaa tope la mto. Hakwenda moja kwa moja. Fomu haikutaka majirani, yeye aliwataka. Jirani alikuwa mmoja tu, ng'ambo ya mto, mzee mkali aitwaye Machage, akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unatafuta kodi, nimelipa."

"Natafuta habari za Rubeni."

Machage alicheka kwa pua. "Rubeni! Watu wa kuja hao. Walivuka kutoka upande wa Kenya mwaka juzi, na ng'ombe wanne wamekonda kama ngazi. Leo nenda ukaone zizi. Mimi nimefuga tangu sijaota ndevu, sijaona ng'ombe wa kuzaa kasi hiyo. Ni wa wizi, nakwambia. Au amewaazima kwa ajili ya macho yenu."

"Na mkewe?"

"Simjui. Hachoti maji kwa njia yetu. Mara hivi yuko na msichana, mara hivi yuko peke yake. Hebu niulize: wewe ni Mkurya au ni polisi?"

"Vyote viwili, mzee."

"Haiwezekani," alisema Machage, akarudi kwenye mpini wake.

Mji wa Rubeni ulikaa peke yake juu ya kilima, zizi katikati, nyumba mbili kando. Rubeni mwenyewe alitoka kumpokea, kijana wa miaka thelathini na kitu, koti la kaki limepigwa pasi, meno meupe.

"Karibu, Afande! Tulimtarajia Bwana. Nyumba iko tayari."

"Nyumba baadaye. Nianze na zizi."

Alikuwa na fimbo ya kusukumia baiskeli mlimani. Aliichomeka kwenye samadi katikati ya zizi. Kama ng'ombe wangekuwa wa kuazimwa jana, fimbo ingegonga udongo mara moja. Ilizama kiasi cha mkono hadi kiwiko. Akachomeka penye kona, ikazama vilevile, na chini yake samadi ilikuwa imekauka na kushikana, kazi ya miezi. Ng'ombe hawa walilala hapa. Neno la Machage la kuazima likafa.

Kisha akawatazama masikio. Wanne wazee walikuwa na pindo lililokatwa kwenye ncha, alama ya Rubeni. Waliobaki walikuwa mafungu matatu. Fungu moja sikio la kulia lilipasuliwa katikati. La pili lilitobolewa tundu. La tatu lilichongwa kama meno ya msumeno, mkato wa watu wa Ikoma.

"Alama ngeni nyingi," alisema Nikodemo.

"Najua anachosema yule mzee wa ng'ambo." Rubeni aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi, akazikunjua kwa mpangilio. "Vibali vya kusafirisha mifugo. Mbalibali. Ikoma. Sirari. Soma mhuri, Afande. Mwizi hana mihuri."

Nikodemo alisoma. Mihuri ilikuwa ya kweli na tarehe zilikuwa wazi: Machi, Mei, Juni. Neno la Machage la wizi nalo likafa. Alizirudisha karatasi. Mkurya hupata alama ngeni zizini kwa njia mbili, kuiba au kuoza binti. Njia ya kwanza mihuri ilikuwa imeifunga.

"Hongera," alisema. "Verdiana yuko wapi nimsalimie?"

"Yuko Mbalibali kwa shangazi yake, anasoma."

"Robi?"

"Yuko Ikoma. Naye anasoma."

"Na Wankuru ameenda kusoma Sirari."

Meno meupe yalibaki pale pale, lakini macho yalihama. "Umejuaje, Afande?"

"Nimekisia. Twende ndani."

Chumba kilikuwa kimepangwa kama ofisi. Palikuwa na meza yenye kitambaa cha maua, kiti kimoja upande huu na viti vitatu upande ule. Kwenye kiti cha katikati alikaa mzee amejifunika blanketi, miguu karibu na mafiga.

"Bwana hupenda tukae hivi," Rubeni alieleza. "Wote pamoja, aone familia. Huyu ni baba yangu mzazi, Mzee Tomaso. Na yule ni mke wangu."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwa Rubeni."

Agustina alikuja na kibuyu cha uji. Alimpita mgeni, akamkabidhi mzee mkononi, akasubiri anywe. Uji ulipomdondoka kidevuni, akaufuta kwa ncha ya kitenge chake. Kisha akaketi kwenye kiti cha tatu, kando ya mzee, akang'oa unyasi ulionasa kwenye blanketi.

Nikodemo alikuwa ameshika penseli. Penseli ilisimama.

"Mama Agustina," alisema polepole, "niandike sawasawa. Huyu mzee ni nani wako?"

"Ni mkwe wangu. Baba mkwe."

"Wa kumzaa Rubeni? Si baba mdogo, si mjomba?"

"Wa kumzaa," Rubeni alidakia. "Andika hivyo, Afande. Fomu inataka wa kumzaa."

"Nimeandika. Nyumba hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu. Ile nyingine ni ya baba."

"Mzee hulala ile, huja kula hii?"

"Kila siku," alisema Agustina. Na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Mzee akatia dole gumba kwenye wino. Rubeni akatia sahihi. Nafasi ya tatu, ya mchunguzi, Nikodemo aliiacha wazi.

"Hujasaini, Afande."

"Nitasaini mezani kwa Bwana Shauri. Kesho njooni wote watatu. Na Mzee aje."

"Mzee wa nini? Amekwisha kuweka dole."

"Bwana hupenda kuona familia," alisema Nikodemo, akapanda baiskeli.

*

Ijumaa saa tano na nusu lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya boma, injini inanguruma. Dereva alisema akilizima halitawaka tena. Kezia alikaa ngazini na kifurushi mapajani. Mama Philomena alikuwa amemshika bega, na hakuonyesha dalili ya kuliachia.

Ndani, Lukmani alivuta mlango.

"Bwana anaiulizia fomu mara ya tatu sasa. Ukisaini, mtoto anapanda lori. Usiposaini bila sababu, amesema utepe wako mmoja unatoka. Una sababu?"

"Ninayo. Lukmani, kwenu Pangani baba mkwe huingia nyumbani kwa mke wa mwanawe?"

"Kwa nini asiingie? Huingia, akapewa na kahawa."

"Kwetu haingii. Hata kukiwa na mvua ya mawe. Baba yangu alipokuja kwangu, alisimama penye ua akakohoa, na mke wangu akapita mlango wa nyuma. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mama wa watoto wangu hakuwahi kukaa kiti kimoja na baba yangu, hata siku tuliyomzika mamangu. Jana nimeona mkwe amekaa mafigani kwa mkaza mwanawe, anafutwa kidevu kama mtoto."

Lukmani alivua miwani. "Basi huyo mzee si baba yake Rubeni."

"Nilidhani hivyo nusu ya njia. Lakini Rubeni ana sura yake, na alimwita baba bila kujikwaa. Nikageuza. Mzee ni baba kweli. Ila mwanamke yule anamhudumia kama anavyohudumia baba yake mwenyewe. Hana aibu naye hata chembe, kwa sababu ndiye aliyemzaa."

"Kwa hiyo mke..."

"Ni dada. Fomu inataka mume na mke wasio na mtoto, na mke wa kweli wa Rubeni bila shaka yuko ng'ambo ya mpaka na watoto wake. Akamtia dada yake kwenye kiti. Mchezo huo wamemchezea Bwana mara tatu, na mara tatu amefurahi kuona familia imekaa pamoja. Wameuzoea hadi wakasahau kwamba siku moja angekuja Mkurya."

"Na wasichana?"

"Alama tatu ngeni zizini. Vibali vitatu. Wasichana watatu. Baba mbele ya sheria ndiye apokeaye mahari, Lukmani. Karatasi ile ndiyo iliyompa ubaba."

Mlango ulifunguliwa. Bwana Chapuchapu alikuwa mtu mrefu mwekundu, kaptula imenyooka, saa mkononi.

"Koplo! Mimi nataka kwisha hii leo. Iko shida?"

"Iko, Bwana. Huyu si mke wake. Ni dada yake."

"Wewe iko na karatasi ya kuonyesha?"

"Nina kiti, Bwana." Akaeleza kwa kifupi.

Bwana Shauri alisikiliza hadi nusu. "Hapana. Hiyo desturi. Desturi hapana ushahidi. Hawa ni Wakristo, wameendelea. Familia ya mfano! Mimi nimeandika Mwanza juu yao." Alitazama saa. "Saini, ama toa utepe."

Nje honi ililia. Nikodemo alimsikia Kezia akiuliza jambo, na Mama Philomena akijibu, "Bado. Kaa."

"Dakika mbili, Bwana. Niulize swali moja mbele yako."

"Dakika moja."

Wakaletwa. Rubeni aliingia na koti lake la pasi, mzee akaegemea mkono wa Agustina. Lukmani akawawekea viti vitatu. Wakakaa kama walivyozoea, mzee katikati.

"Rubeni," alisema Nikodemo, "Bwana anataka kumaliza. Mimi pia. Huyu ni nani?"

"Mke wangu," Rubeni alijibu upesi, kwa Kiswahili. "Nimesema mara ngapi?"

"Mara nyingi, kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya ofisi, unaweza kukitema ukajifuta mdomo. Sasa simama, geuka, umtazame Mzee Tomaso usoni. Umwambie kwa Kikurya kwamba mwanamke huyu ndiye unayelala naye ngozi moja. Ukishasema, nasaini. Kalamu hii hapa."

Aliiweka kalamu juu ya fomu.

Rubeni alicheka. Hakuna aliyecheka naye. "Afande, haya ni maneno gani ya kusemwa mbele ya mzazi?"

"Kwa mke wa ndoa ni ya kawaida tu. Ni neno moja."

"Nini anasema?" aliuliza Bwana Chapuchapu. Lukmani akainua kiganja, akamnyamazisha Mzungu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi yake.

Rubeni aligeuka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alimtazama baba yake, akafungua kinywa, na silabi ya kwanza ikatoka.

Mzee Tomaso alipiga fimbo sakafuni.

"Usiseme!" Alisema kwa Kikurya, kisha, kana kwamba anataka hata kuta za serikali zisikie, kwa Kiswahili: "Usilitamke hilo neno. Ng'ombe wachukuliwe wote. Lakini hilo usilitamke juu ya watoto wangu wawili, ardhi itatukataa."

Watoto wangu wawili. Lukmani alikuwa amekwisha kuyaandika maneno hayo.

Agustina ndiye aliyeinuka. Hakulia.

"Mume wangu alinirudisha kwa baba kwa sababu sizai," alisema. "Kaka akaniambia, kaa kwenye kiti, utapata mtoto. Nikakaa. Verdiana alilala kwangu wiki tatu. Nilimsuka nywele. Kaka akaja na watu, akampeleka Mbalibali, na huko mtoto ameolewa mke wa tatu na mtu mwenye mvi. Robi wiki tatu. Wankuru wiki mbili tu. Kila mmoja aliniita mama siku ya kuondoka." Alimtazama Rubeni. "Wa nne sitaki. Mnifunge kama mnataka."

"Nyamaza wewe!" Rubeni aliruka, na Nikodemo akamkalisha kwa mkono mmoja, akaita askari wa zamu.

Bwana Chapuchapu sasa alikuwa ameelewa. Alichukua fomu ya Kezia, akaandika neno moja juu yake kwa wino mwekundu, akamtupia Lukmani.

"Ombi hili, hapana. Basi, kwisha. Hizo tatu za kwanza zimefungwa. Nimesaini mimi mwenyewe. Hakuna kufungua."

"Hao wasichana watatu, Bwana?"

"Faili imefungwa, Koplo. Tutaandika barua Mwanza. Itachunguzwa. Mambo haya hayataki haraka."

Lukmani aliinua macho kutoka kwenye taipureta, akamtazama Nikodemo, naye Nikodemo akatazama dirishani. Alikuwa amewahi kulisikia neno hilo, mwaka wa arobaini na sita, mbele ya meza kama hii, akiwa na fimbo mkononi na paja limefungwa bendeji.

"Mama Agustina," alisema, "nyumba ya yule mwenye mvi unaijua?"

"Naijua. Nilimsindikiza mtoto hadi mlangoni."

"Twende."

Walishuka ngazi. Mama Philomena alisoma uso wake, akakichukua kifurushi cha Kezia, akakitia chini ya kwapa lake.

"Tunarudi nyumbani," alimwambia mtoto. "Una nguo za kufua."

Nikodemo alimpandisha Agustina kiti cha mbele cha lori, akafuata, akabamiza mlango. Injini ilikuwa bado inanguruma, moto tangu asubuhi.

"Itiryo?" aliuliza dereva.

"Mbalibali."

Dereva alitazama boma, akatazama utepe wa koplo begani. "Mbalibali! Ni mbali huko. Kwa amri ya nani?"

"Ya Bwana Shauri," alisema Nikodemo. "Si ndiye aliyesema uchunguzi uishe kwa siku tatu? Tia gia."